Kibanio cha Kidole na Jicho la Mama



Mkutano wa wiki iliyopita ulikwisha giza limekaribia, na sababu ilikuwa kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Baada ya likelemba ya mwezi, sanduku letu lilibaki na akiba. Mmoja wetu akaleta wazo: tununue kibanio cha kidole, kile ambacho wauguzi wanakibana kwenye kidole cha mgonjwa na namba inatokea. Kwa jina la hospitali ni oksimeta. Wengine walisema hiyo ni mali ya kituo cha afya, si ya shirika la wamama. Wengine walisema kitatuokolea watoto wakati wa mvua, vifua vinapobana. Kisha koko mmoja, ambaye amepokea watoto wengi wa kartiye hii kwa mikono yake, akauliza: «Hicho kidude kinajua nini ambacho macho yangu hayajui?»

Siku ile hatukuwa na jibu. Wiki nzima tumelitafuta. Tumewauliza binti zetu wawili ambao ni wauguzi, tumemwuliza kijana wetu anayetengeneza simu pale barabarani, na tumesoma. Haya ndiyo tuliyoyapata, ili tukikutana tena tusibishane gizani.

Kijana wetu alitufungulia kibanio kimoja kilichokufa. Upande mmoja kuna taa mbili ndogo kama punje ya ulezi. Moja inatoa mwanga mwekundu unaoonekana, ya pili inatoa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Upande wa pili kuna kidude kinachopokea mwanga uliovuka kidole na kuugeuza kuwa umeme. Katikati kuna chipu, ndiyo kompyuta yenyewe. Taa zinawaka na kuzimika kwa zamu, upesi kuliko tunavyoweza kuona, na chipu inahesabu kila mara ni mwanga kiasi gani umepita.

Kwa nini mwanga? Kwa sababu damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung’aa, na damu iliyoishiwa oksijeni ni nyekundu ya giza. Kila mama aliyechinja kuku anaijua tofauti hiyo. Damu yenye oksijeni inaacha mwanga mwekundu upite. Damu iliyoishiwa inaumeza. Kwa ule mwanga usioonekana mambo yanageuka kidogo. Chipu inalinganisha hiyo miwili, inatoa namba: 98, 95, 88. Maana yake ni asilimia ya damu iliyobeba oksijeni.

Aliyefikiria njia hii ni Takuo Aoyagi, injinia wa Japani, aliyefanya kazi katika kampuni ya Nihon Kohden. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anatafuta kitu kingine: alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani, kwa kutia rangi ndani ya damu na kuitazama kwa mwanga. Lakini mapigo ya mishipa yalikuwa yanamchafulia kipimo. Alipokuwa anatafuta namna ya kuyaondoa, akatambua kwamba ule usumbufu ndio wenye habari. Kwenye kidole au sikio, nyama, mfupa na ngozi vinakaa vilevile; kinachoongezeka na kupungua kwa kila pigo ni damu inayotoka moyoni. Ukiihesabu hiyo inayopiga peke yake, unaisoma damu bila kumchoma mtu sindano. Hiyo ilikuwa mwaka 1974. Mzee huyo alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ilikuwa inatafuta kifaa chake kwa sababu ya korona.

Basi jibu la kwanza kwa koko ni hili: ndiyo, kinajua kitu. Jicho la mtu, hata la daktari, huchelewa kuona oksijeni ikishuka. Midomo ikianza kugeuka rangi, mtoto ameshaumia sana. Kibanio kinaweza kuona mapema. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani limeweka mstari: chini ya 90, mtoto apewe oksijeni. Sisi tunaoishi hapa Goma, karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo tusishangae mtu mzima mwenye afya akionyesha 95 au 96 pahali pa 99.

Lakini swali la koko lina upande wa pili, na huo ndio uliotufanya tuandike. Kuna mambo ambayo kidude hiki hakiyajui, na kinapokosa kujua hakinyamazi. Kinatoa namba.

Mnakumbuka mtoto wa mwenzetu, yule wa miezi minane, wakati wa mvua kubwa. Alikohoa siku tatu, akakataa kunyonya. Mama yake alimpeleka kituo cha afya, ambacho hatutakitaja. Wakabana kidole chake kidogo kwa kibanio cha watu wazima, namba ikatoka 94, wakamwambia arudi nyumbani na sirop. Nyanya wa mtoto hakukubali. Alimfunua nguo na kusema: «Mwanangu, tazama hapa chini ya mbavu, panaingia ndani kila anapovuta. Mtoto mzima havuti hivi.» Walichukua moto usiku huohuo hadi hospitali kubwa. Daktari alihesabu pumzi, zilikuwa zaidi ya 60 kwa dakika moja. Akafunika mguu wa mtoto mpaka ukapata joto, akaweka kibanio cha watoto kwenye dole gumba la mguu, akasubiri. Namba ikawa 86. Walimwekea oksijeni, siku ya tano akarudi nyumbani. Leo anatembea na kuvunja vyombo vya mama yake.

Tulipowauliza binti zetu wauguzi ni kwa nini namba mbili zilipishana hivyo, walitueleza vizuri. Kibanio cha mtu mzima ni kipana. Kwenye kidole cha mtoto mchanga mwanga unapita pembeni bila kuvuka nyama, na chipu inahesabu mwanga ambao haukuona damu. Kidole cha baridi nacho hakina damu ya kutosha. Mtoto anayehangaika anatikisa kipimo. Rangi ya kucha, hina na jua kali vinaweza pia kuharibu. Mashine nzuri inaonyesha mawimbi ya mapigo; kama mawimbi yamevurugika, namba iliyo pembeni yake haina thamani.

Hilo ni jambo la kwanza. La pili tulielezwa kwa mfano wa chukudu, na tangu hapo hatujausahau.

Fikirini damu ni barabara ya kutoka Sake kuja mjini, na chembe nyekundu ni chukudu zinazobeba makala. Oksijeni ndiyo hayo makala. Kibanio kinasimama kando ya barabara na kuuliza: katika chukudu zinazopita, ngapi zimejaa? Zikipita 100 na 98 zimejaa, kinasema 98. Sasa malaria imekuja, imevunja chukudu nyingi. Zimebaki 30 tu, lakini zote zimejaa. Kibanio kinasema nini? 100. Namba ni nzuri kabisa, na mjini hakuna makala ya kupikia.

Hivyo ndivyo mtoto aliyeishiwa damu anavyoweza kuonyesha 99 akiwa karibu na kufa. Kibanio hakikudanganya, kiliulizwa swali jingine. Hapo ndipo jicho la mama linapoipita chipu: fungua kiganja cha mtoto, ukilinganishe na cha kwako. Kama kiganja na ndani ya kope la chini vimekuwa vyeupe, mtoto amelegea na anapumua mbio, usingojee namba. Anahitaji kupimwa damu, na pengine kuongezewa, siku hiyohiyo. Tunasema hasa kwa familia zenye watoto wa SS, maana damu yao inaweza kushuka kwa ghafla.

La tatu linahusu nyumba zetu usiku. Tunapika kwa mbabula, na baridi ikizidi wengine wanaiingiza chumbani ili watoto wapate joto. Makala yanapowaka mahali palipofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu, ambayo inapanda kwenye chukudu zilezile na kukataa kushuka. Nafasi ya oksijeni imechukuliwa na mzigo wa sumu. Ubaya ni kwamba sumu hiyo inaipa damu wekundu unaofanana sana na ule wa oksijeni. Taa mbili za kibanio haziwezi kutofautisha. Mtu anazimia, na kidole chake kinaonyesha 98. Huu si mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini kwenye mabonde yetu; huu tunauleta wenyewe kwa mkono. Ukikuta familia imeamka na kichwa kinawauma wote, wanatapika, wanayumba, na mbabula ililala ndani, watoe nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali, na umwambie daktari habari ya mbabula. Asipojua, namba inaweza kumpoteza.

Sasa tufike kwenye jambo la nne. Hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Namba ya kibanio haitoki moja kwa moja kwenye damu. Chipu inapata uwiano wa zile taa mbili, kisha inatazama orodha iliyowekwa ndani yake kiwandani: uwiano huu ni sawa na asilimia ngapi? Orodha hiyo ilitengenezwa kwa watu. Walichukuliwa watu wazima wenye afya, wakapunguziwa oksijeni polepole mbele ya madaktari, wakatolewa damu ya mshipa, na kila uwiano ukaandikwa pamoja na kipimo cha kweli cha damu. Kwa hiyo mashine inajua miili ya wale waliokuwapo siku hiyo. Na kwa miaka mingi, wengi wao walikuwa watu weupe.

Weusi wa ngozi unameza mwanga, na unameza ule mwekundu kuliko ule usioonekana. Hesabu ya Aoyagi ilitegemewa kuuondoa, kwa kuwa ngozi haipigi kama mshipa. Inauondoa kwa sehemu kubwa, lakini si wote. Mwaka 2020, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, Amy Moran-Thomas, alinunua kibanio mume wake alipougua nyumbani. Akakitazama kikifanya kazi, akajiuliza: taa hii inaonaje kwenye ngozi nyeusi? Akatafuta, akakuta wataalamu walikuwa wameshaona tatizo miaka mingi kabla yake na halikushughulikiwa. Akaandika. Madaktari wa Michigan wakasoma, wakafungua daftari za wagonjwa wao, na Desemba mwaka uleule wakachapisha walichokiona. Katika vipimo ambavyo kibanio kilisema 92 hadi 96, yaani namba isiyotisha, walitazama kipimo cha kweli cha damu. Kwa wagonjwa weupe, karibu 4 kwa kila 100 kweli walikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi, karibu 12 kwa kila 100. Mara tatu. Hao ni watu waliokosa hewa huku mashine ikisema wako sawa.

Wamama, tulisoma hapo tukanyamaza. Hapa kwetu koltani inachimbwa Rubaya, na wengi wetu tuna ndugu aliyewahi kushika sururu huko. Ndani ya koltani kuna tantali, na tantali inatengenezewa vidude vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta, mashine za masikio, hata zile zinazowekwa kifuani kuushtua moyo unapokwenda vibaya. Kobalti ya Lualaba inaingia kwenye betri za simu hizohizo. Miaka yote hiyo mawe yetu yaliitwa kwenye meza ya watengenezaji. Ngozi yetu haikuitwa. Hatusemi haya ili tulie. Tunasema ili mjue kwamba mashine ni kazi ya mikono ya watu, na kasoro yake ilitoka kwenye uamuzi wa watu: nani apimwe, wangapi, kwa gharama gani. Kilichoamuliwa na watu, watu wanaweza kukibadilisha.

Na wameanza. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2013 ilisema kwamba katika majaribio ya kibanio, watu wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili, au 15 kwa kila 100. Wawili tu kati ya watu kumi walitosha kusemea ngozi zetu zote. Januari 2025 ikatoka rasimu mpya inayotaka watu 150 au zaidi, na angalau robo yao wawe wa ngozi nyeusi sana. Uingereza nayo ilitoa ripoti Machi 2024 kuhusu vifaa vya hospitali visivyowatendea watu sawa. Hayo yote hayajafika kwenye vibanio vinavyouzwa kwa dola chache kwenye maduka yetu. Lakini ni swali la mke mmoja aliyemwuguza mume wake lililoamsha watu, na sisi tunauguza kila siku.

Turudi basi kwenye sanduku letu. Wachache wetu walisema baada ya kusikia haya: kama kina kasoro nyingi hivyo, tukiache. Hatukubaliani nao. Kipimo kinachokosea mara fulani, kwa mtu anayejua kinapokosea wapi, ni bora kuliko kukosa kipimo. Yule mtoto wa miezi minane aliokolewa na vitu viwili: nyanya aliyeona mbavu, na kibanio cha kipimo chake kilichowekwa na mtu mwenye subira. Kimoja bila kingine kingeweza kutuacha kwenye msiba.

Kwa hiyo sisi tunaoandika tunapendekeza hivi, na mkutano utaamua. Tununue kibanio kimoja, lakini tusikimbilie kile cha bei ya chini kabisa. Tutafute chenye kipande cha watoto na kinachoonyesha mawimbi ya mapigo. Kikae kwa mmoja wa binti zetu wauguzi. Kila kinapotumika, tuandike kwenye daftari vitu vitatu pamoja: namba, hesabu ya pumzi kwa dakika moja nzima, na hali ya mgonjwa jinsi mama yake anavyoieleza. Namba isiandikwe peke yake.

Na kila mama, mwenye kibanio au asiye nacho, ashike hesabu hii kichwani. Mtoto atulie, ahesabiwe pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi. Kama kifua kinaingia ndani, pua inapanuka, mtoto hawezi kunyonya au kunywa, amelegea kupita kawaida, au midomo imekuwa ya kijivu au buluu, nenda hospitali hata kama namba inasema 97. Ukiambiwa urudi nyumbani na moyo wako unakataa, sema kwa heshima lakini usiondoke: «Daktari, tafadhali nihesabie pumzi zake, na upime tena kwenye mguu akipata joto.» Huko si kumdharau daktari. Daktari mzuri atakushukuru.

Tutapiga kura siku ya mkutano, saa ileile, mahali palepale. Mwenye simu yenye saa aje nayo: kabla ya kura tutajifunza kuhesabu pumzi, kila mmoja na mtoto wa jirani yake mikononi, mpaka wote tupate namba moja.